Protekta ya kujikatia: vipovu, kona zinazonyanyuka na kidole kisichosikika

Simu ya jina kubwa haina shida. Ukishuka Kenyatta Avenue hapa Nakuru utapata protekta yake ya kioo kabla hujamaliza kuuliza, na utabandikiwa ukiwa umesimama hapo hapo. Shida ni vile vitu vingine: tableti ya mtoto ambayo hata jina lake halisomeki, kamera ya mpiga picha wa harusi, kisoma vitabu cha kidijitali, saa ya mkononi iliyoletwa na shangazi kutoka ng'ambo, kifaa cha ramani cha dereva wa lori. Hivyo havina protekta dukani, kwa hiyo mwenyewe anachukua makasi anajikatia. Na mara nyingi inakataa.

Nina kibanda cha fotokopi na laminesheni mtaani Free Area. Watu wakiona mashine ya laminesheni hudhani mimi pia ni fundi wa skrini, basi wananiletea walichojikatia. Sasa nimeshazoea. Swali langu la kwanza ni: ilianza lini? Papo hapo, kesho yake, au baada ya wiki? La pili: iko wapi? Katikati, kona, au kote? Majibu hayo mawili hunionyesha kosa hata kabla sijashika kifaa, na ni mara chache sana kosa linakuwa la plastiki yenyewe. Kwa kawaida ni vumbi, gundi au unene.

Kwanza, ulikata nini?

Kama ulinunua protekta ya plastiki ya tableti kubwa ukaikata ikatoshea kifaa kidogo, umeanza vizuri kuliko wengi. Ile ina gundi ya silikoni inayoshika bila kuganda: unaweza kuibandua, ukaiosha kwa maji, ukaiacha ikauke yenyewe, ukaibandika tena. Karibu kila suluhisho nitakalotaja hapa linakuwa rahisi ukiwa na hiyo.

Wengine hukata ile plastiki angavu ya mbele ya ripoti iliyobaindiwa, au zile karatasi za plastiki za projekta za zamani. Zinaonyesha vizuri lakini hazina gundi. Zishikwe kwa ukanda mwembamba wa selotepu ya pande mbili kwenye fremu, pale pasipo picha. Usipake gundi ya maji katikati ukitumaini itakauka ikawa angavu. Haitakuwa.

Halafu kuna waliobandika selotepu ya kufungia katoni. Mama mmoja aliniletea tableti ya mwanawe wa darasa la tatu ikiwa imefungwa selotepu mistari minne, kila mstari umepanda juu ya mwenzake kama mabati ya paa. Nitamrudia mwishoni, kwa sababu gundi ya selotepu ni somo lake peke yake. Jalada la vitabu lenye gundi liko kundi hilo hilo. Nailoni ya jikoni ya kufunikia chakula ni laini mno, inakunjamana chini ya kidole, na ikiwa ni ya aina ya PVC ina vilainishi vinavyohama taratibu kwenda kwenye kile ilichobandikwa. (Mifuko ya nailoni ya dukani sitaji. Tangu marufuku ya Agosti 2017 watoto wa leo hawaijui.)

Vipovu haviishi

Hili ndilo lalamiko namba moja, na hapa kwetu lina sababu. Wazee husema jina Nakuru lilitoka kwa Wamaasai na maana yake ni mahali pa vumbi. Anayeishi hapa mwezi wa Januari na Februari, upepo ukiteremka kutoka upande wa Menengai, hahitaji kamusi. Jiji tumekuwa tangu tarehe 1 Desemba 2021, lakini vumbi halikusoma hati ile.

Shika kifaa chini ya mwanga, ukiinamishe, uangalie kipovu kwa makini. Kina nukta katikati?

Kikiwa na nukta, hiyo ni chembe. Chembe ya sehemu ya kumi ya milimita inainua plastiki kama mti wa katikati unavyoinua hema, ndiyo maana kipovu ni kikubwa kuliko chembe yenyewe mara nyingi. Usisukume. Utaisukuma hadi kesho na itabaki pale, tena ukiibonyeza sana utakwaruza kioo. Tafuta kona iliyo karibu na chembe. Bandika kipande cha selotepu juu ya kona hiyo ukitumie kama mshikio, inua plastiki polepole hadi upite chembe, kisha chukua kipande kingine cha selotepu udonoe: mara moja upande wa gundi, mara moja kwenye kioo. Rudisha. Kama ni gundi ya silikoni itavumilia. Kama ni gundi ya jalada la vitabu, utaacha alama ya mdonoo, basi afadhali ukate nyingine.

Kisicho na nukta ni hewa. Funga kadi ya plastiki ya zamani ndani ya kitambaa laini, usukume kutoka katikati kwenda nje. Vidogo kama kichwa cha pini viache, baada ya siku moja au mbili huwa vimejiondokea.

Kuna aina ya tatu ambayo ilinisumbua sana kabla sijaielewa. Kijana mmoja wa London (mtaa wetu, si ile ya Uingereza) alikuja na kisoma vitabu. Alikuwa amebadilisha plastiki mara tatu na kila mara kipovu kilirudi. Nikamuuliza: kinarudi pale pale? Pale pale, kwenye robo ya chini kushoto. Basi hiyo si vumbi, kwa maana vumbi haliwezi kutua mahali pamoja mara tatu. Nikapitisha ukucha juu ya skrini tupu, nikahisi kipele: tone la gundi kavu lililobaki kutoka protekta ya kwanza kabisa. Nikalilainisha kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, likatoka kwa ukingo wa kadi. Plastiki ya nne ilikaa. Kwa hiyo kabla hujalaani vumbi, angalia kama kipovu kina anwani ya kudumu.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya. Ushauri unaozunguka ni kwamba ufungue maji ya moto ya bafu, chumba kijae mvuke, vumbi lishuke, ndipo ubandike. Ushauri ni wa kweli, ila wengi wetu tunaoga kwa karai. Fanya hivi: chemsha sufuria ya maji, iweke sakafuni kwenye chumba kidogo, funga dirisha na mlango, subiri dakika kumi hivi mpaka mvuke utulie. Vumbi lililokuwa likielea hushuka na unyevu. Vua sweta. Kunja mikono ya shati, pangusa mikono kwa maji hadi kwenye viwiko. Usifanye kazi hii kitandani wala karibu na mlango unaoangalia barabara ya murami.

Na tumia bawaba. Kabla hujatoa karatasi ya mgongo, panga plastiki juu ya skrini mpaka ikae sawasawa, kisha ishike upande mmoja kwa vipande vitatu vya selotepu. Sasa inafunguka kama mlango. Ifungue, pangusa, toa karatasi ya mgongo, ifunge. Haiwezi kukaa kombo, na kama chembe imeingia unafungua mlango ule ule.

Kidole hakisikiki

Hapa kwanza ujue una skrini ya aina gani. Isahau protekta kwanza, ubonyeze kwa ukucha au kwa kifuniko cha kalamu. Skrini ikiitikia ukucha, ni ya kubonyeza: ina tabaka mbili zinazogusana ukikandamiza, kama zile za vifaa vya ramani vya zamani. Hiyo hupenda plastiki nyembamba na laini. Plastiki ngumu ya ripoti inasambaza nguvu ya kidole, na mguso unakosa mahali.

Isipoitikia ukucha lakini ikaitikia nyama ya kidole, ni ile inayohisi umeme wa mwili, na karibu simu na tableti zote za siku hizi ni za namna hiyo. Hiyo haijali ugumu, inajali umbali kati ya kidole na kioo. Protekta za kioo za dukani nyingi zina unene wa milimita 0.33 na bado simu hufanya kazi, kwa sababu zimegandana na kioo bila nafasi. Ya kwako ikiwa na unene nusu ya huo lakini imeacha pengo la hewa chini yake, inaweza kuwa mbaya kuliko ile nene.

Ndipo tunakuja kwenye kosa la wanaojikatia protekta ya mfuko wa laminesheni, ambalo naliona kila wiki. Kwenye pakiti kumeandikwa mikroni 125. Mteja anahesabu milimita 0.125, anafurahi. Lakini namba ile ni ya upande mmoja. Mfuko wa laminesheni ni karatasi mbili, na zikipita kwenye mashine bila kitu katikati zinaungana kuwa moja ya mikroni 250, yaani robo milimita. Ukichukua zile za 250 umepata nusu milimita, na juu yake pengo la hewa kwa vile laminesheni haina gundi ya kushika kioo. Kidole kitaandika barua kikose jibu. Chukua za mikroni 75 au 80, na tafadhali pitisha plastiki kwenye mashine peke yake. Kuna mtu aliwahi kuniuliza kama naweza kupitisha kibao cha kuchezea cha mtoto mzima mzima. Mashine ile hupasha joto la zaidi ya nyuzi 100. Wala usipige pasi juu ya kifaa.

Kama ni sehemu tu isiyosikika, ihakikishe. Shika alama ya programu yoyote kwa kidole, iburute taratibu kutoka ukingo hadi ukingo, mstari kwa mstari kama unalima. Itakapodondoka ndipo palipo na shida. Kwenye vifaa vya Android kuna njia safi zaidi: ingia kwenye mipangilio, tafuta nambari ya muundo, iguse mara 7, na chaguo za wasanidi programu zitafunguka. Humo kuna swichi ya kuchora alama ya kila mguso. Mstari ukikatika mahali pamoja protekta ikiwepo na usikatike ikitolewa, kosa ni lako. Ukikatika hata bila protekta, skrini ilikuwa mgonjwa zamani na wewe umeifunika tu.

Baadhi ya simu, Samsung kwa mfano, zina swichi ya kuongeza wepesi wa mguso kwa ajili ya protekta. Iwashe kabla hujatupa plastiki nzuri.

Na skrini ikijigusa yenyewe, herufi zinajiandika, programu zinafunguka bila mtu? Chomoa chaja kwanza. Chaja duni hupitisha kelele za umeme zinazoichanganya skrini, na lawama inaangukia protekta iliyobandikwa jana. Ikitulia ukichomoa, badilisha chaja. Isipotulia, angalia kama kuna maji yaliyobaki chini ya plastiki.

Skrini ina rangi za upinde wa mvua

Kuna upinde wa aina mbili. Ukiona duara za rangi zinazohama unapobonyeza, kama mafuta juu ya dimbwi la barabarani, hilo ni pengo jembamba la hewa kati ya plastiki na kioo: nuru inarudi kutoka nyuso mbili na kugongana. Hutokea kwa plastiki zisizo na gundi. Dawa ni plastiki yenye gundi, au yenye uso wa ukungu kidogo upande wa ndani.

Upinde usiohama ukibonyeza, ila unabadilika ukigeuza kichwa au ukivaa miwani ya jua ya kukata mng'ao, ni tabia ya plastiki yenyewe. Nuru ya skrini nyingi hutoka ikiwa imechujwa kwa mwelekeo mmoja, na plastiki ya poliesta iliyovutwa kiwandani inaupinda mwelekeo huo, kila rangi kwa kadiri yake. Hakuna cha kubandua hapo. Jaribu tu kukata kipande kingine ukiwa umeizungusha karatasi robo duara. Wakati mwingine hupungua, hasa kwa dereva asiyetaka kuvua miwani.

Ukungu

Ukungu wa maziwa siku ya kwanza, kama ulibandika kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ni maji yanayotafuta njia. Subiri siku mbili. (Na kama ni njia hiyo unatumia, zima kifaa, na nyunyizia plastiki, si kifaa.) Ukungu kwenye laminesheni ni joto dogo: gundi ya katikati haikuyeyuka sawasawa, ipitishe tena. Ukungu uliotokea baada ya wiki ni mafuta ya vidole au ile jeli ya kutakasa mikono. Nyingi zina gliserini, na gliserini haikauki, inabaki kama utando. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Kona zinanyanyuka

Vioo vingi vya simu siku hizi vimepindwa kidogo ukingoni. Plastiki bapa haipindi nao, inasimama. Kata ndogo kwa milimita 1 kila upande. Kona usiziache kali: zungusha kwa makasi ya kucha ukifuata ukingo wa sarafu, maana kona kali ndiyo inayoshikwa na mfuko wa suruali. Kama plastiki ilitoka kwenye roli na bado inajikunja, bandika upande wa ndani wa mkunjo ukiangalia kioo, ili kingo zijikandamize zenyewe. Ukigeuza kinyume, utashinda ukizilaza kama nywele za mtoto.

Kava nayo huchangia. Kona zikinyanyuka zote nne kwa siku moja, jaribu kutoa kava uone.

Simu ikizima skrini unapopiga na isiwake ukiiondoa sikioni, umefunika kihisio kilicho karibu na spika ya juu. Toboa plastiki hapo kwa wembe, ukikatia juu ya ubao, si juu ya simu. Kidole cha kufungulia kisiposomwa kupitia skrini, futa alama ya zamani usajili upya plastiki ikiwa juu. Isipokubali hata hivyo, usibishane nayo, tumia namba ya siri.

Mikwaruzo chini ya protekta

Hii huwaumiza watu, kwa sababu protekta ilikuwepo. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini, kioo cha simu kiko karibu na 6, na kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, ni 7. Funguo za chuma mfukoni si adui kama mnavyofikiri. Chembe moja ya mchanga ndiye adui. Plastiki isiyo na gundi, iliyoshikwa pembeni tu, hucheza juu ya kioo kila ukikigusa, na chembe iliyoingia chini inasugua siku nzima. Umejitengenezea msasa. Hapa udongo wetu umetokana na majivu ya volkano, na pale Kariandusi wanachimba diatomaiti, unga mweupe wa silika ambao viwanda huutumia hata kung'arisha vitu. Plastiki ya namna hiyo ifungue kila wiki, pangusa pande zote mbili, rudisha.

Ile alama ya 9H kwenye pakiti za vioo isikudanganye. Ni kipimo cha ugumu wa penseli, hakihusiani na Mohs.

Gundi iliyobaki

Sasa yule mama wa selotepu. Selotepu iliyokaa muda mrefu, plastiki hutoka na gundi inabaki, tena ikiwa imeokota uchafu wa mwaka mzima. Usitumie petroli, thina wala dawa ya kutoa rangi ya kucha. Skrini ya tableti za bei nafuu mara nyingi ni plastiki, na vitu hivyo huifanya iwe na ukungu usiotoka au nyufa ndogo ndogo. Spiriti nayo usiimwage. Lowesha kitambaa, na ujaribu kwanza kwenye kona.

Nilizima tableti, nikapaka mafuta ya kupikia kidogo sana kwa kidole, mbali na spika na tundu la chaja, nikaacha robo saa. Mafuta yanaingia ndani ya gundi na kuifanya ijiviringe. Nikaikokota kwa ukingo wa kadi, kamba kwa kamba, nikapangusa mafuta kwa kitambaa chenye tone la sabuni, kisha kwa kitambaa cha maji, kisha kikavu. Mstari wa nne ulitoka saa ya chai. Chini yake skrini ilikuwa kama mpya, haina hata mkwaruzo mmoja.

Mama akaiangalia, akaigeuza geuza juani. "Umeona ilivyoilinda?" akasema. "Fundi, hiyo selotepu yako ya pana ni pesa ngapi?"